Maji ya Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kumwona baba mkwe wangu akinywa maji.

Si kwamba tuliishi mbalimbali. Nyumba yake iko upande wa Zagayu, na kila msimu wa pamba nilikuwa nahamia pale kwa miezi miwili au mitatu, mume wangu akibaki mjini Bariadi na kazi yake ya kutengeneza pikipiki. Nilimpikia baba mkwe, nilimchemshia maji ya kuoga, nilijua anapenda ugali wa mtama kuliko wa mahindi. Lakini chakula nilikuwa naweka, napiga goti, nasema, "Karibu chakula, baba," kisha naondoka. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Wiki ya kwanza ya ndoa nilitaka kukaa barazani wakati yeye anakula, wifi yangu akanivuta kanga, ikatosha. Mkamwana hamtazami mkwewe akitafuna. Hakalii kiti chake, haingii chumbani kwake, hampi mkono, na wakikutana njiani anapisha. Nikiwa mjini nilikuwa nayacheka mambo haya na wenzangu. Nikifika Zagayu nilikuwa napisha njia kama wengine.

Kazi yangu ni ukarani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Mkulima analeta mzigo, mimi naingiza mkono ndani kuangalia kama ni mkavu na msafi, unapanda kwenye mizani, nasoma, naandika. Basi. Ni kazi ya kuchukiwa, kwa sababu kila mtu anaamini pamba yake ilikuwa nzito zaidi alipotoka nyumbani.

Mwaka wa pili wa ndoa baba mkwe alileta mizigo minne. Niliingiza mkono kwenye wa kwanza nikakuta unyevu. Wapo wanaonyunyizia maji usiku ili kilo ziongezeke, na wapo wanaopatwa na umande tu kwa kuchelewa kuingiza pamba ndani. Sikujua yeye ni yupi, na mpaka leo sijui. Watu wote pale walisogea kuona mkamwana atafanya nini. Nilipiga goti, nikamwamkia upya, nikasema, "Baba, hii irudi ikaanikwe." Aliipakia tena kwenye mkokoteni. Baada ya siku tatu aliirudisha ikiwa kavu, ikapungua kilo, nikaandika zilizopungua.

Nilidhani nimejiharibia. Kumbe mzee aliichukua habari ile akaifanya sifa. Kila penye watu alisema, "Mkamwana wangu haandiki asichokiona." Wakulima wakaanza kuniita Mizani. Hata wifi yangu, akitaka kunitania, alikuwa ananiletea chumvi kwenye kijiko na kuniuliza, "Mizani, hii ni gramu ngapi?" Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba nilijivuna sana.

Nayaeleza haya ili yanayofuata yaeleweke.

Mwaka ule ambao barakoa zilirudi, mume wangu alikwenda Zagayu kumsaidia baba yake kuvuna, akarudi na kikohozi. Siku ya tatu alisema chai haina harufu. Siku hiyohiyo wifi akapiga simu kwamba baba hainuki kitandani. Walikuwa wamemfukizia majani mpaka godoro likalowa jasho, wamempa dawa ya mizizi, na mtu fulani alikuwa amemletea vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, akavimeza siku nne mfululizo bila kula. Tulimleta hospitali akiwa anapumua kwa mabega.

Msimamizi wa mgonjwa aliruhusiwa mmoja tu, na awe mzima. Mume wangu alikuwa anaumwa. Wifi alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama mkwe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Nikabaki mimi.

Walimvisha barakoa ya oksijeni, wakamlaza kitanda cha pembeni karibu na dirisha. Nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kusema mambo mara moja. Aliniambia, "Mama, sikiliza. Ugonjwa huu hauendi kwenye mapafu peke yake. Unaingia mpaka kwenye figo, na huyu mzee amekuja amekauka. Lazima anywe, kidogokidogo, lita mbili kwa siku. Na mkojo wake wote unapimwa. Ukipungua, usisubiri, tuambie saa ileile. Figo zikifa hazirudi kwa kuombewa."

Akanipa jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia, chupa ya mkojo ya mdomo mpana, na karatasi yenye safu mbili. Kilichoingia, kilichotoka. Alisema wangeweza kumwekea mpira wa mkojo ili kazi iwe rahisi. Baba mkwe akainua mkono kukataa. "Bado naweza," alisema chini ya barakoa.

Nesi aliondoka. Baba mkwe aligeukia ukuta. Mimi nililitazama lile jagi kana kwamba kuna maandishi ndani yake. Kulikuwa na mambo mawili ambayo mkamwana hatakiwi hata kuyafikiria kuhusu mkwewe, na yote mawili nilikuwa nimekabidhiwa pamoja na kalamu.

Tukafanya kama tulivyozoea nyumbani. Nilimimina maji kwenye kikombe, nikapiga goti, nikasema, "Karibu maji, baba," nikatoka. Nilisimama kwenye veranda nikihesabu pikipiki zinazoingia getini. Baada ya muda nilirudi, nikakuta kikombe kitupu.

"Umekunywa, baba?"

"Nimekunywa, mayu."

Mayu ni mama. Ndivyo wazee wa kwetu wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu, hata akiwa mtoto wao. Nikaandika mililita mia mbili na hamsini.

Siku ile ya kwanza muuguzi wa kiume wa zamu ya mchana alipita mwenyewe, akamsaidia na ile chupa, akapima, akaandika. Nilishukuru Mungu. Siku ya pili wagonjwa waliongezeka mpaka magodoro yakawekwa chini, na wauguzi wakawa wanapita wakikimbia. Nilipomwuliza baba mkwe kuhusu mkojo, nilimwuliza nikiwa nimeangalia miguu ya kitanda.

"Nimeshatoka," alisema. "Andika kama jana."

Chupa ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa kwa kitambaa. Sikukifunua. Niliandika kama jana.

Kama angekuwapo yule muuguzi wa kiume ningemwomba aangalie. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miezi mingi. Lakini alikuwapo. Alipita mbele yangu mara mbili, mara ya pili akaniuliza kama nimekula. Nilimjibu nimekula.

Siku ya tatu asubuhi niliinama kuchukua ndoo ya maji ya kunawia iliyokuwa chini ya kitanda. Niliiacha jana yake ikiwa na maji kidogo ya kufunika kitako chake. Sasa ilikuwa imevuka nusu, na juu yake ulikuwa unaelea uji. Uji wangu mimi, niliokuwa nimeupika kwa unga wa ulezi na kuuleta kwenye chupa ya chai. Nikakifunua na kile kitambaa. Chupa ya mkojo ilikuwa kavu.

Nilielewa palepale, sikuhitaji kuelezwa. Mzee alikuwa hanywi kwa sababu anayekunywa atakojoa, na akikojoa, mkono utakaobeba ile chupa ni wangu. Alikuwa ameamua kukausha mwili wake kuliko kunipa mimi mkojo wake niubebe. Na alijua sitamkamata, kwa sababu kila ninapoweka maji lazima nitoke.

Nataka kuandika hili bila kulizungusha. Sikukasirika wala sikuogopa. Nilipumua. Nilisikia unafuu umeshuka kutoka kichwani mpaka magotini, kwamba ile chupa ni kavu, na kwa hiyo leo tena sitaibeba. Nikaenda kumwaga ndoo, nikaisuuza vizuri, nikairudisha. Kisha nikakaa, nikaweka karatasi juu ya paja, nikaandika: uji, mililita mia tatu. Maji, mia mbili na hamsini. Mkojo, mia tatu. Mwandiko wangu ni mzuri. Karatasi ile ilikuwa safi kuliko za wagonjwa wote wa wodi ile.

Baba mkwe alinitazama nikiandika. Tulikuwa tumekubaliana.

Siku ya nne kifua kilikuwa na nafuu. Walimpunguzia oksijeni, na kila mtu akafurahi. Lakini nyayo zake zilikuwa zimevimba, na tangu alfajiri alikuwa anauliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Aliwataja kwa rangi zao, yule mweusi mwenye baka, yule wa pembe moja. Walikuwa ng'ombe waliokufa kabla sijaolewa.

Saa nne daktari alifika na majibu ya damu. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alishika karatasi yangu mkono mmoja na majibu mkono mwingine, akaangalia huku, akaangalia huku.

"Hizi haziendani," alisema. "Damu inasema figo zinafeli. Karatasi inasema anakunywa vizuri na anakojoa vizuri." Akanigeukia. "Mama, hizi namba umezipima mwenyewe?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, baba mkwe alivuta barakoa ikashuka kidevuni. Akili yake ilikuwa imerudi yote kwa wakati huo.

"Amepima," alisema. "Huyu ni karani wa pamba. Haandiki asichokiona."

Daktari akatabasamu kidogo, kama mtu aliyepata angalau jambo moja la kuaminika siku hiyo. Akasema basi huenda kipimo cha damu kina tatizo, atachukua damu nyingine, majibu jioni. Akaandika, akaenda kitanda kinachofuata. Nilimwona anavyokwenda. Nilikuwa na miguu na nilikuwa na sauti.

Nilichukua mashati mawili ya mzee nikaenda kuyafua. Niliyafua, nikayaanika, nikayasubiri yakauke, nikayakunja. Ilipofika saa nane nilimfuata yule muuguzi wa kiume nikamwambia, "Zile namba ni za uongo. Hajanywa tangu juzi. Hajakojoa." Nilisema kwa sauti ya kawaida tu, ile ninayotumia kumwambia mkulima kilo zake.

Hakunikaripia. Nilitaka anikaripie. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akavuta pazia, akaweka mpira wa mkojo. Kilichotoka hakikufika robo ya jagi, na rangi yake ilikuwa ya kahawa. Nilikiona, kwa sababu sasa nilisimama palepale na kuangalia. Baba mkwe alifumba macho yake mpaka walipomaliza, kisha akaendelea kuyafumba.

Waliweka dripu. Walimwita daktari. Kesho yake gari la wagonjwa lilimpeleka Mwanza kusafishwa damu, na mume wangu, ambaye alikuwa amepata nafuu, alikwenda naye. Kabla hawajaondoka nilimwuliza daktari swali nililokuwa nalo tangu jana yake. Nilimwuliza ni kwa sababu yangu?

Alifikiri kabla ya kujibu, na hilo namshukuru. Alisema virusi vyenyewe vinaziumiza figo, hata kwa vijana wanaokunywa maji vizuri. Alisema hewa mwilini mwake ilikuwa chini siku nyingi kabla hajaletwa. Vidonge vile vya maumivu vinaziumiza. Ile mizizi hajui ilikuwa ya mti gani. Homa, jasho la kufukizwa, kutokula. "Na maji," alisema. "Maji pia." Nikamwuliza maji yalikuwa kiasi gani katika hayo yote. Akasema, "Mama, hilo hakuna kipimo chake."

Nimefanya kazi ya mizani maisha yangu yote ya utu uzima. Lile jibu sikujua niliweke wapi.

Mume wangu nilimwambia aliporudi kuchukua nguo. Alikuwa ameegemea mlango, amekonda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ingekuwa ni mama yako amelala pale, mimi hata mlangoni nisingeingia." Akachukua begi. Huo ndio msamaha alionipa, na ulikuwa wa kweli, lakini haukunifikia. Niliendelea kusugua sufuria.

Ndugu walikuja kwa zamu kutupa pole. Shangazi yake mume wangu, mama wa makamo mwenye sauti ya kufika nyumba ya tatu, aliwaambia wote waliokuwa wamekaa uani, "Huyu mkamwana tumepata mtu. Siku nne peke yake na mkwe wake hospitali, na heshima haikuvunjika hata kidogo." Wakaitikia. Mmoja akanishika bega. Nikawamiminia chai.

Baba mkwe hakufa. Mapafu yake yalipona kabisa, hakohoi, anapanda ngazi vizuri kuliko mimi. Figo hazikuamka. Walimsafisha damu wiki ya kwanza wakisubiri, wiki ya tatu wakisubiri, mwezi wa tatu wakaacha kusema kusubiri. Sasa anaishi nasi Bariadi, maana kutoka Zagayu safari ya kwenda Mwanza kwenye mashine ya kusafisha damu ni ndefu zaidi. Shamba analima mtu mwingine. Kila anapotoka kwenye mashine anarudi amechoka, analala upande mmoja, mkono wenye mishipa iliyoshonwa kwa ajili ya mashine akiuweka juu ya mto.

Sasa sheria imegeuka. Mtu asiye na figo akinywa maji hayana pa kutokea. Yanapanda miguuni, yanapanda tumboni, mwisho yanaingia kwenye yale mapafu yaliyopona. Kwa hiyo anaruhusiwa nusu lita kwa siku, pamoja na chai, pamoja na mchuzi. Walituambia lazima mtu mmoja nyumbani apime kila tone, aandike, na amwone anavyokunywa kwa macho yake, maana kiu inamfanya mgonjwa aibe hata maji ya kunawia. Mume wangu yuko gereji mchana kutwa. Wifi ana mtoto, yuko Zagayu.

Mara ya kwanza nilipompa kikombe na kubaki nimesimama, baba mkwe aligeukia ukuta kama alivyofanya hospitali. Alisubiri nitoke. Sikutoka. Tulikaa hivyo muda mrefu, mimi na aibu yangu, yeye na yake, mpaka kiu ikamshinda, akanywa. Nilisikia koo lake likifanya kazi. Baada ya siku ile aliendelea kugeukia ukuta kwa wiki kadhaa, kisha akageuka nusu, kisha akaacha kugeuka. Hatujawahi kuzungumzia ile ndoo. Hajawahi kunilaumu, hata kwa mzaha, na kwa wageni bado anasema mkamwana wake haandiki asichokiona.

Watu huniuliza najisikiaje. Najisikia kama mkono nilioulalia ukafa ganzi. Naamka, naweka uji, napima, naandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Msimu wa pamba ukifika nakwenda kwenye mizani asubuhi kwa pikipiki na kurudi mchana kumpa kikombe chake. Nilidhani siku moja nitakaa chini nilie, hata niliwahi kuipanga, Jumapili fulani baada ya misa. Nilikaa. Machozi hayakuja. Nikaenda kuchambua mchele.

Juzi jua lilikuwa kali, lile la kabla ya mvua za kwanza, ambalo mabati yanalia. Nilirudi saa saba nikamkuta baba mkwe amekaa kwenye kiti chake barazani, midomo imepasuka. Niliingia ndani, nikapima, nikatoka na kikombe. Nilipiga goti.

"Karibu maji, baba."

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikunywa kwa mafunda madogomadogo, akikaa na kila moja mdomoni kabla ya kulimeza. Yalipokwisha alikishikilia kikombe, hakunirudishia.

"Mayu," alisema, "niongezee kidogo."

"Ya leo yamekwisha, baba. Imebaki chai ya jioni."

Akainama kuelekea kwangu, akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu.

"Niongezee. Andika kama jana."

Hayo yalikuwa maneno yaleyale, na nadhani hata yeye aliyasikia yalipotoka, kwa sababu alinitazama usoni, jambo ambalo mkwe hafanyi. Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Mtungi ulikuwa nyuma yangu, hatua tatu, umejaa mpaka shingoni.

"Nimeshaandika, baba," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, kukubali. "Wabeja, mayu," alisema, ndiyo asante ya kwetu. Kisha akakigeuza kikombe juu chini, akasubiri tone la mwisho lidondoke kwenye kiganja, akalilamba. Nilimwangalia mpaka akamaliza.